Mwanga Huanza, Damu Humaliza

Mtoto aliyetoka kupigwa leza ya rangi usoni hurudi kwa mamaye na madoa ya zambarau iliyokaribia weusi, duara kando ya duara. Mama asiyeonywa mapema hudhani mwanawe amepigwa ngumi. Ni mvilio wa damu, na hukaa wiki moja hadi mbili kabla ya kufifia. Kwa miaka mingi madaktari waliusoma mvilio huo kama ushahidi: doa likitoka jeusi, mishipa imekufa, likitoka hafifu, nguvu ya leza iongezwe safari ijayo. Hawakukosea sana. Ila ndani ya doa moja mlikuwa na mambo matatu yaliyochanganyika: mishipa iliyopasuka, damu iliyoivishwa kwa joto, na damu iliyoganda yenyewe kama inavyoganda kwenye jeraha lolote. Kuyatenganisha hayo matatu kulichukua miongo kadhaa.

Historia ya tiba hii kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mashine, moja ikiipokea nyingine kijiti. Nitazipitia mashine, maana bila hizo hakuna cha kusimulia, lakini naona kiini cha mambo kiko kwenye damu. Leza yenyewe hufanya kazi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Yanayofuata hufanywa na mwili, na mwili una mipango yake.

Baka linalozungumziwa hapa madaktari wa Ulaya walilipa jina la divai, kwa rangi yake. Huonekana kwa takriban watoto 3 katika kila 1,000 wanaozaliwa, mara nyingi usoni au shingoni, na mara nyingi upande mmoja. Mtoto akiwa mchanga baka huwa bapa na la waridi. Hukua pamoja naye, likageuka jekundu, kisha zambarau, na kwa baadhi ya watu wazima hunenepa na kuota vinundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hujificha, baka likaonekana kama kivuli cha hudhurungi au zambarau. Ndiyo maana vitabu vilivyoandikwa kwa kutazama watoto wa Kizungu humsaidia kidogo tu mkunga wa Bukoba au Lamu.

Si suala la sura peke yake. Mwaka 1879, daktari William Allen Sturge wa London alieleza habari za msichana mwenye baka upande mmoja wa uso, jicho lenye matatizo upande huohuo, na degedege lililoshika upande wa pili wa mwili. Sturge alikisia kwamba baka kama lile liko pia juu ya ubongo wake. Alikuwa sahihi, ingawa ilibidi kusubiri picha za eksirei za karne iliyofuata. Lakini kwa walio wengi baka ni baka tu, na mzigo wake ni macho ya watu. Wasomaji wa rika langu wanalikumbuka la Mikhail Gorbachev, aliyeshika uongozi wa Umoja wa Kisovieti Machi 1985: katika baadhi ya picha rasmi za mwanzo lilifutwa kabla ya kuchapishwa. Dola kubwa kiasi kile, na bado ilikionea haya kipaji cha uso wa kiongozi wake.

Kabla ya leza, tiba zilikuwa za kutisha au za kuficha. Madaktari wa upasuaji walilikata baka na kubandika ngozi ya pajani. Wengine waliligandisha kwa barafu ya kaboni dioksaidi, au wakalichora kwa sindano ili kulipaka rangi ya ngozi. Uingereza walilipaka hata vanishi yenye kitu kilichoitwa toriamu X, kinachotoa mionzi, jambo ambalo baadaye lilizua hofu ya saratani. Aliyewasaidia wagonjwa wengi kwa miaka ile pengine hakuwa daktari kabisa: Lydia O'Leary, Mmarekani aliyezaliwa na baka usoni, alijitengenezea krimu nzito ya kulifunika, iliyouzwa kwa jina la Covermark.

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, iliyotoa mwanga wake kwenye fimbo ya yakuti. Mwaka uliofuata daktari wa ngozi Leon Goldman alikuwa ameshaanzisha maabara ya leza huko Cincinnati. Goldman alikuwa mtu wa kujaribu kila kitu. Aliielekeza leza kwenye nywele, meno, michoro ya ngozini, na bila shaka kwenye mabaka ya kuzaliwa. Mwaka 1968 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vya ngozi yenye baka iliyopigwa leza, wakiangalia kwa hadubini kilichotokea. Shida ni kwamba mwanga mwekundu wa yakuti, wenye nanomita 694, ni rangi ambayo damu huinyonya kwa uchache. Kuangaza kitu chekundu kwa mwanga mwekundu ni kupoteza mwanga.

Leza ya gesi ya argoni, iliyovumbuliwa na William Bridges mwaka 1964, ilionekana kuwa jibu. Mwanga wake ni wa buluu na kijani, nanomita 488 na 514, na himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hunyonya rangi hizo vizuri. Katika miaka ya 1970 kliniki nyingi Marekani na Ulaya ziliinunua. Watu wazima wenye mabaka ya zambarau walipata nafuu ya kweli, na wengine walilia kwa furaha. Watoto ndio walioumia. Joel Noe na wenzake wa Boston walionyesha mwaka 1980 kwamba rangi ya baka, umri wa mgonjwa na kipande cha ngozi chini ya hadubini vingeweza kutabiri matokeo: baka jeusi la mtu mzima lilijibu vizuri, la waridi la mtoto vibaya. Makovu yaliyonyanyuka, hasa juu ya mdomo, yalikuwa tishio la kudumu. Basi waliokuwa na miaka mingi zaidi ya kuishi na baka ndio walioambiwa wasubiri wakue.

Mwaka huohuo wa 1980 Sanford Barsky, akiwa na kundi hilohilo, aliipima mishipa ya mabaka kwa msaada wa kompyuta. Tofauti na dhana ya wengi, mishipa haikuwa imezidi idadi. Ilikuwa imetanuka tu, na iliendelea kutanuka kadiri umri ulivyosogea. Miaka sita baadaye Smoller na Rosen waliongeza kwamba neva zinazoizunguka mishipa hiyo ni chache mno. Mshipa usio na neva ya kuuamuru ujikaze hubaki umelegea, damu ikajaa, ukuta ukanyooka zaidi. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini argoni ilimpendelea mzee: mshipa wake ulikuwa mpana, wenye damu ya kutosha kuunyonya mwanga. Wa mtoto ulikuwa mwembamba, na joto lilimwagika kwenye nyama iliyouzunguka.

Neno la kuzingatia hapo ni kumwagika. Argoni ilimulika bila kukatika kwa muda mrefu mno. Damu ilipata joto kwanza, kweli, lakini haikuachwa peke yake nalo. Joto likahamia pembeni hadi ngozi yote ya juu ikaungua. Rangi ya mwanga ilikuwa imechaguliwa vyema. Kilichosahauliwa ni saa.

Waliolitazama tatizo kama suala la muda walikuwa Rox Anderson na John Parrish, wa Massachusetts General Hospital huko Boston. Hoja yao, iliyotoka kwenye jarida la Science mwaka 1983, ni rahisi kiasi cha kumfanya mtu ashangae ilichelewa wapi. Kila kitu kilichopashwa joto kina muda wake wa kupoa. Mshipa wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita au chini kidogo hupoa kwa milisekunde moja au chache; mshipa ukiwa mpana maradufu, muda huo huongezeka mara nne. Basi toa mwanga wote ndani ya muda huo, kisha zima. Mshipa utaungua kabla joto halijapata nafasi ya kutoka, na ngozi inayouzunguka haitajua kilichotokea. Ukichagua na rangi inayonyonywa na himoglobini kuliko kitu kingine chochote ngozini, huna haja hata ya kulenga: mwanga unamwagwa kwenye ngozi nzima, nayo damu inajichagua yenyewe.

Chombo kilikuwapo tayari. Leza ya rangi, ambayo mwanga wake huzaliwa kwenye rangi iliyoyeyushwa katika kimiminika, ilivumbuliwa mwaka 1966 na Peter Sorokin na John Lankard wa IBM, na kwa wakati uleule na Fritz Schäfer nchini Ujerumani. Uzuri wake ni kwamba mwanga wake unaweza kurekebishwa. Anderson na Parrish waliuweka kwenye manjano ya nanomita 577, mahali ambapo himoglobini yenye oksijeni hunyonya kwa nguvu.

Mipigo ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa mifupi kupita kiasi, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hapa ndipo damu ilipoanza kutoa mafunzo ambayo nadharia haikuyataja. Mshipa ulidhurika peke yake, kama ilivyotabiriwa, lakini kwa kulipuka. Joto lilipanda kwa ghafla mno, maji ndani ya damu yakageuka mvuke, chembe nyekundu zikasambaratika, ukuta ukatoboka, damu ikamwagika ngozini. Ukitazama kwa macho tu, matokeo yalipendeza: doa jeusi hasa. Chini ya hadubini hali ilikuwa nyingine. Mshipa uliotoboka ni jeraha dogo, na hakuna kazi ambayo damu imeizoea kuliko kuziba jeraha dogo.

Jerome Garden, akifanya kazi na kundi la Boston, alilinganisha mipigo ya urefu mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Iliyo mifupi ilipasua na kumwaga damu. Ile iliyorefushwa hadi mikrosekunde 360 ilipunguza kumwagika, na badala yake damu ikaiva mlemle ndani na ukuta wa mshipa ukaiva nayo. Kurefusha mpigo maana yake ni kuupa ukuta nafasi ya kushiriki. Ukuta hauna himoglobini, hauunyonyi mwanga. Hupata joto kwa kuazima kutoka kwa damu iliyo ndani yake, na kuazima kunahitaji muda. Mashine za mwanzo za hospitali zilipangiwa mikrosekunde 450, na rangi ikasogezwa hadi nanomita 585, kisha 595, kwa kuwa mwanga huo huzama ndani zaidi.

Mwaka 1989 Oon Tian Tan na wenzake walitoa kwenye New England Journal of Medicine matokeo ya watoto 35, mdogo wao akiwa na miezi mitatu, mkubwa miaka 14. Mabaka yalififia bila makovu yale ya argoni. Kwa mara ya kwanza watoto wachanga, waliokuwa wa mwisho kwenye foleni, wakawa wa kwanza.

Sasa nirudi kwenye mambo yale matatu ndani ya mvilio, maana ndiyo yaliyoibuka tena mafanikio yalipoanza kuonyesha mipaka.

Joto likifikia takriban nyuzi 70 za Selsiasi, protini za damu hujikunja na kushikana kama ute wa yai kwenye kikaango. Himoglobini yenyewe hubadilika sura, ikawa aina nyingine inayonyonya mwanga kwa namna tofauti. Yaani damu hubadili rangi mpigo ukiwa bado haujaisha, jambo lililowapa baadhi ya wahandisi wazo la kuufuatisha mwanga wa pili wa nanomita 1064 mara tu baada ya wa kwanza. Donge linalotokana na joto hili halihitaji chembe sahani wala kitu chochote katika mfumo wa kawaida wa kuganda. Ni mpiko mtupu.

Donge la pili ni la uhai. Kandokando ya sehemu iliyoiva pako mahali ambapo joto halikutosha kupika, lakini lilitosha kuudhuru utando wa ndani wa mshipa. Utando ukibanduka, kolajeni iliyo chini yake hukutana na damu, na damu hujibu kama inavyojibu kisu cha jikoni: chembe sahani hunata, huita wenzao, nyuzi za faibrini husukwa juu yake. Kazi hii huchukua muda baada ya leza kuzimwa. Tofauti kubwa kati ya madonge haya mawili ni hatima yake, kwa kuwa mwili una kimeng'enya kiitwacho plasmini ambacho kazi yake ni kuzimumunya nyuzi za faibrini pale damu inapohitajiwa kupita tena. Mshipa ulioiva hadi ukutani hufa, ukaondolewa na seli safishaji. Mshipa uliozibwa tu kwa donge la uhai unaweza kuzibuliwa.

Niongeze hapa, kwa kuwa wazazi huuliza: haya yote ni mambo ya mahali palepale pa ngozi. Kuna maradhi mengine ya mishipa kwa watoto yanayovuruga kuganda kwa damu mwilini mzima. Mwaka 1940 Haig Kasabach na Katharine Merritt walieleza habari za mtoto mchanga ambaye uvimbe wake wa mishipa ulizimeza chembe sahani hadi akawa anavuja damu chini ya ngozi. Na mishipa ya vena iliyoumbika vibaya inaweza kujaa madonge hata bila kuguswa na mtu. Baka la divai halimo katika kundi hilo. Mkanganyiko ulikuwa mkubwa hadi mwaka 1982, John Mulliken na Julie Glowacki walipozigawa alama za kuzaliwa kwa kuangalia tabia ya seli badala ya rangi: uvimbe unaokua kwa seli kuongezeka huku, maumbile mabaya ya mishipa kule. Uvimbe wa kawaida wa utotoni una bahati yake. Tangu Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux walipogundua mwaka 2008 kwamba dawa ya moyo, propranololi, huusinyaza, leza imerudi nyuma kwa kiasi kikubwa. Baka la divai halikupata bahati hiyo.

Mipaka ya leza ilikuwa ya kimaumbile kwanza. Mishipa ya juu huinyima mwanga mishipa ya chini. Kapilari nyembamba mno hupoa kabla mpigo haujaisha, zikapona. Na juu ya yote ipo melanini, rangi asilia ya ngozi, ambayo nayo hula mwanga wa manjano. Kwenye ngozi nyeusi mwanga hulazimika kupita kwenye melanini nyingi kabla ya kuifikia damu, hivyo ngozi ya juu huweza kuungua na kuacha baka jipya, jeupe au jeusi, badala ya lile la zamani. Stuart Nelson na wenzake wa Irvine, California, walilipunguza tatizo hili katika miaka ya 1990 kwa kuipulizia ngozi kimiminika baridi kwa sehemu ndogo tu ya sekunde kabla ya mpigo: ngozi ya juu hupoa, mishipa iliyo chini haiwahi kupoa. Ulikuwa ujanja mzuri wa saa kwa mara nyingine. Hata hivyo kwa ngozi zetu nguvu hushushwa na vipindi huongezwa, na daktari asiyejua hilo ni wa kuogopwa kuliko baka.

Mpaka wa pili uligunduliwa Amsterdam. Mwaka 2007 madaktari wa huko waliwaita tena wagonjwa waliotibiwa miaka kumi nyuma, wakaipima rangi ya ngozi zao. Mabaka yalikuwa bado hafifu kuliko kabla ya tiba. Lakini yalikuwa yameiva rangi kuliko siku ya mwisho ya leza. Yalikuwa yanarudi, polepole.

Katika mji huohuo Michal Heger na wenzake walikuwa wameshaanza kulitazama swali kutoka upande wa damu. Waliiangalia mishipa ya wanyama wadogo wa maabara, aina ya hamsta, ikipigwa leza mbele ya hadubini, na kuona donge la joto likifuatwa na donge la chembe sahani, likikua, likimeguka, likikua tena. Hoja yao, waliyokuwa wameitoa tangu mwaka 2005, iligeuza mambo juu chini: kama leza haiwezi kuupika kila mshipa, basi isaidiwe kuganda. Walipendekeza dawa ya kuimarisha donge ifike palepale wakati uleule. Moja ya dawa walizochagua ni asidi ya traneksamiki, ambayo wakunga wanaijua vizuri kwa kuzuia damu baada ya kujifungua. Hufanya kazi kwa kuizuia plasmini. Waliifunga ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vinavyopasuka kwa joto, ili isigandishe damu pasipotakiwa. Wazo hilo limeendelea kuishi maabara zaidi kuliko kliniki.

China walikuwa na njia yao. Kuanzia miaka ya 1990 Gu Ying wa Beijing amekuwa akiwadunga wagonjwa dawa inayoamshwa na mwanga, kisha kulimulika baka. Hapo hakuna kupika. Dawa iliyoamshwa huzalisha oksijeni kali inayouchoma utando wa ndani wa mshipa, na damu ikajigandisha juu yake. Bei yake ni mgonjwa kulikimbia jua kwa majuma kadhaa, jambo ambalo ni rahisi kulisema Beijing wakati wa baridi kuliko Tanga wakati wowote.

Kilichobaki ni swali la kwa nini mishipa hurudi. Ngozi iliyonyimwa damu huomba mishipa mipya. Hiyo ni tabia ya jeraha lolote. Kundi la Irvine lilijaribu kuuzima mwito huo kwa sirolimasi, dawa wanayopewa waliopandikizwa figo, na matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Kisha Mei 2013 watafiti wa Marekani, wakiwemo Jonathan Pevsner, Douglas Marchuk na Anne Comi, walitangaza kwamba herufi moja imebadilika katika jeni liitwalo GNAQ ndani ya ngozi ya baka, na badiliko hilohilo limo katika ubongo wa wenye ugonjwa alioueleza Sturge. Hutokea tumboni, katika seli moja, baada ya mimba kutunga. Halirithiwi, wala halihusiani na alichokula au alichokitamani mama.

Uchunguzi uliofuata ulilikuta badiliko hilo limejaa zaidi katika seli za utando wa ndani wa mishipa. Ndizo seli zinazobaki hai pembezoni mwa sehemu iliyoiva, na inadhaniwa ndizo zinazoujenga mshipa mpya, nao ukatanuka kama uliotangulia. Leza haina namna ya kuzitambua, kwa kuwa inachokiona ni himoglobini tu. Watoto wanaotibiwa leo hurudishwa kila baada ya wiki kadhaa, mara nyingi vipindi vingi kwa miaka, na wengine wao hurudi tena wakiwa watu wazima.